Binti wa Mfalme wa Wabelgiji aliyempinga Mussolini

Mwitaliano akitajwa Kindu, mazungumzo huenda moja kwa moja Novemba 1961, wanajeshi wa anga 13 wa Kiitaliano wa Umoja wa Mataifa walipouawa hapa kwa kudhaniwa kuwa mamluki wa Katanga. Lakini miaka 20 kabla yake Wakongo walikuwa wamekwisha kukutana na Waitaliano vitani. Na wakati huohuo, ndani ya jumba la kifalme la Roma, binti wa Kibelgiji alikuwa hautaki kabisa utawala wa Mussolini.

Huyo ni Marie José, aliyezaliwa Ostend mwaka 1906. Baba yake ni Mfalme Albert I, ambaye Kalemie iliitwa Albertville kwa jina lake. Januari 1930 aliolewa na Umberto, mrithi wa kiti cha enzi cha Italia. Mussolini akataka abadili jina, aitwe Maria Giuseppina kwa Kiitaliano. Bibi harusi akakataa.

Tusimpambe kupita kiasi, hata hivyo. Mwaka 1936, Italia ilipokuwa ikiimeza Ethiopia, alikwenda huko kama muuguzi wa Msalaba Mwekundu, akihudumia majeruhi wa jeshi la wavamizi. Uchungu wa kweli ulimpata Mei 1940, Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, na mwezi uliofuata Mussolini akaingia vitani upande wao. Nchi aliyoolewa ikawa rafiki wa waliokalia kwao. Oktoba 17 alimfuata Hitler mwenyewe Berchtesgaden kumwombea kaka yake, Mfalme Leopold III, na Wabelgiji waliotekwa. Alichopata ni Hitler kukubali kuonana na Leopold mwezi uliofuata, basi.

Wakongo hawakwenda kuomba. Askari wa Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, walivuka Sudan hadi magharibi ya Ethiopia, wapagazi wakibeba mizigo, na Machi 1941 wakaitwaa Asosa. Julai 3, huko Saio, Jenerali Pietro Gazzera wa Italia akajisalimisha na jeshi lake kwa Meja Jenerali Gilliaert. Aliyejisalimishiwa ni Mbelgiji. Waliopanda mlima chini ya risasi ni Wakongo.

Maniema nayo ililipa kwa jasho. Japani ilipoiteka Malaya mwaka 1942, Washirika walipungukiwa bati, na bati la Kalima likawa lulu. Mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikapandisha kazi za lazima vijijini kutoka siku 60 hadi 120 kwa mwaka. Hapo hakuna aliyeulizwa kama anampinga Mussolini au la.

Marie José alichagua, na hilo ndilo jambo lake kubwa. Kuanzia mwaka 1942 alitafuta njia ya kuitoa Italia vitani: alizungumza na wapinzani wa ufashisti, akatumia watu wa Vatikani, akiwamo Giovanni Battista Montini, ambaye baadaye alikuwa Papa Paulo VI, akajaribu pia kupitia Ureno. Mkwewe, Mfalme Vittorio Emanuele III, hakutaka mwanamke aingilie mambo ya dola. Mussolini alipoangushwa Julai 1943, ungedhani mkamwana angepewa shukrani. Badala yake, mwezi uliofuata mfalme alimpeleka pamoja na watoto Sant'Anna di Valdieri, milimani, mbali na Roma. Septemba akakimbilia Uswisi.

Akawa malkia Mei 1946, mumewe aliporithi kiti cha enzi. Juni 2 Waitaliano wakapiga kura, wakachagua jamhuri. Hata mwezi na nusu haukutimia, nao wakambandika jina Malkia wa Mei. Alifariki Geneva mwaka 2001.

Maisha yake yamesimuliwa vitabuni. Ya askari wa Saio na wachimbaji wa Kalima mengi yamebaki midomoni mwa wazee. Kama nyumbani kwenu kuna medali, kitabu cha kazi cha babu au picha ya zamani, andikeni jina lake na kijiji chake wakati wanaomkumbuka wangali hai.