Vibarua wa Kilindini na Kodi ya Chumba Majengo

Jumatatu ya tarehe 13 Januari 1947, kazi zilisimama Mombasa. Katika bandari ya Kilindini hakukuwa na wa kushusha shehena, wafanyakazi wa reli hawakuripoti, mahoteli yakakosa wapishi, na hata watumishi wa majumbani wakabaki kwao. Watu wapatao 15,000 walikuwa wamegoma, na mgomo ukadumu karibu wiki mbili. Wengi walikuwa vijana: wengine wenyeji wa pwani, wengine wametoka Nyanza, Ukambani na Kiambu kuja kutafuta maisha.

Waligomea bei. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, lakini ughali wake ulibaki. Tangu 1942 serikali ilikuwa imeishika biashara ya mahindi. 1943 njaa ikaingia na unga ukawa wa mgao. Nguo ziliadimika, na zilizopatikana hazikushikika. Juu ya yote ilikuwepo kodi ya nyumba, ambayo haikungoja mshahara upande.

Nyumba ya Kiswahili pale mtaa wa Majengo ilijengwa kwa ramani inayojulikana hadi leo: ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, jiko na choo uani. Kila chumba kilikuwa na mpangaji wake, na mpangaji naye alikuwa na ndugu, binamu na mtu wa kijijini kwao aliyeshuka garimoshi jana. Kijana asiyemudu chumba alikodi sehemu ya kulaza mkeka. Baada ya mgomo wa awali wa Mombasa, wa 1939, tume ya serikali yenyewe ilikubali kwamba makazi yalikuwa kero ya kweli, na baadhi ya wafanyakazi wakapewa posho ya nyumba. Lakini kibarua alilipwa kwa siku. Ikifika jioni hakuwa na mwajiri wa kumdai kitu.

Hata hivyo, si kila kijana aliuona ukibarua kuwa balaa. Alfajiri alijipanga langoni mwa bandari, serahangi, yaani msimamizi wa makuli, akachagua watu wa zamu, na jioni fedha ilikuwa mfukoni. Kwa kila siku aliyofanya kazi, kibarua wa bandarini alipata zaidi ya wengi walioajiriwa kwa mwezi, na kesho akipenda hakwenda. Mdigo au Mgiriama aliyekuwa na shamba lake karibu angeweza kubeba magunia ya kahawa wiki hii na kupalilia mihogo wiki ijayo. Uhuru huo wa kupanga siku zake mwenyewe ulikuwa sehemu ya matumaini yake, nao ndio hasa uliowatia hofu mabwana wa bandari. Mtu anayeweza kuishi bila wewe kwa wiki mbili ni mgumu kutishwa.

Wakati wa mgomo mikutano ilifanyika uwanja wa Kiembeni, ambao wagomaji waliuita ofisi ya maskini. Hapo kikapata nguvu chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Madai yao yalianza na mshahara lakini hayakuishia hapo. Walitaka malipo sawa kwa kazi sawa bila kujali rangi, posho ya mke na watoto, na Mwafrika aheshimiwe kazini. Hilo la heshima lilikuwa limekwisha kuingia katika siasa, hata kama wenyewe hawakulitangaza hivyo.

Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, ndiye aliyewaendea na kuwasihi warudi kazini, madai yao yakasikilizwe. Baraza la usuluhishi likaongozwa na Jaji Ransley Thacker, yuleyule ambaye baadaye alimhukumu Jomo Kenyatta kule Kapenguria. Uamuzi wake ulileta nyongeza, ingawa uliwafaa zaidi walioajiriwa kwa mwezi. Agosti mwaka huohuo Kibachia akakamatwa na kupelekwa kizuizini Baringo, akakaa huko kwa miaka kumi. Kwa serikali iliyotaka kuonyesha kwamba suala la unga halihusiani nayo, hiyo ilikuwa njia mbovu kupita kiasi.

Moto ulikwishavuka mpaka. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli ya kati hadi bara. Agosti 1948 ikawa zamu ya Unguja. Chama cha makuli wa Dar kilipata kuwa na katibu kijana, Abdulwahid Sykes, aliyekuwa amerudi kutoka vita vya Burma. Miaka michache baadaye alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha TANU, 1954.

Serikali ya Kenya nayo ilikuwa na dawa yake. Sheria ya 1949 iliipa nguvu ya kuwaondoa mijini watu iliowaona kuwa hawataki kazi. Kisha, mwaka 1954, vibarua wa Kilindini wakaandikishwa. Aliyeandikishwa alipaswa kuonekana langoni siku za kutosha kila mwezi, la sivyo jina lake lilifutwa. Waliobaki daftarini walifaidika: mgomo wa Machi 1955, ambao Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, aliuingilia akiwa na miaka 24, ulimalizika kwa nyongeza ya asilimia 33. Aliyewasili Mombasa baada ya hapo alikuta mlango mwembamba, na kodi ya Majengo ileile.

Machi 1957 Mboya alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Waafrika wa Nairobi, uchaguzi wa kwanza wa aina yake nchini. Kura hiyo haikuwa ya kila mtu. Mpiga kura alitakiwa aonyeshe elimu, kipato, mali au utumishi wa muda mrefu, na kijana aliyekosa jina katika daftari la bandari mara nyingi alikosa na hayo pia.