Kutoka mizani ya kahawa hadi uwaziri: Sir George Kahama

Najua nimepotea, mitihani ilinibana kisawasawa. Leo nawaletea kitu kilichozaliwa kwenye semina ya historia hapa chuoni, maana tulibishana mpaka muda ukaisha.

Tulikuwa tunamjadili Mmarekani mmoja, Chauncey Depew. Alizaliwa mwaka 1834 jimbo la New York, akasoma Yale, akawa mwanasheria. Mwaka 1866 aliteuliwa kuwa mwakilishi wa nchi yake Japani, akakataa! Akaenda zake kuwa wakili wa reli za familia ya Vanderbilt. Mwaka 1885 akawa mkuu wa kampuni ya reli ya New York Central, na mwaka 1899 akaingia Seneti, akakaa humo mpaka 1911. Enzi zile maseneta walichaguliwa na mabunge ya majimbo, siyo na wananchi moja kwa moja. Kwa hiyo kampuni kubwa ikishaelewana na wabunge, kazi imekwisha. Mwaka 1906 mwandishi David Graham Phillips aliishambulia Seneti kwa mfululizo wa makala, na wa kwanza kuchambuliwa alikuwa Depew. Hoja ilikuwa moja: huyu mzee anakaa pale kwa ajili ya watu wa New York au kwa ajili ya reli?

Mimi mtoto wa Muleba nikaanza kujiuliza, kwetu Kagera mtu wa namna hiyo ni nani? Reli haijawahi kufika Bukoba. Ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928, sisi tukabaki na meli za ziwani, ambazo nazo kwa miaka mingi zilikuwa mali ya shirika la reli. Kilichoshika mfuko wa Mhaya hakikuwa injini, kilikuwa kahawa. Kwa hiyo anayetafuta mtu aliyetoka ofisi ya biashara akaingia kwenye siasa asitafute stesheni, atafute mizani.

Hapo ndipo anapopatikana Clement George Kahama. Alizaliwa Karagwe tarehe 30 Novemba 1929. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alienda Loughborough, Uingereza, kusoma mambo ya ushirika, na aliporudi akaja kuwa meneja mkuu wa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichoanzishwa mwaka 1950. Hiyo haikuwa kazi ndogo jamani. Wazee wetu walishapambana na serikali ya mkoloni kwa ajili ya kahawa. Mwaka 1937 watu wa Bukoba waliandamana kupinga kanuni za kilimo cha zao hilo. Ushirika ulipokuja, ulikuwa na maana kwamba mkulima naye ana ofisi yake, ana mizani yake, na ana msomi wa kumsemea.

Huyo msomi hakukaa sana. TANU ilihitaji watu wanaojua mahesabu na kuendesha ofisi, na watu wa hivyo wengi walikuwa kwenye ushirika. Paul Bomani wa Mwanza naye alitoka huko huko, kwenye pamba. Julai 1959 Kahama akawa mmoja wa mawaziri wa kwanza waliotoka kwa wananchi, akiwa na miaka 29, akapewa ushirika na maendeleo ya jamii. Siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Na ile "Sir" wengi wanadhani alipewa na Malkia. Hapana, ni heshima ya Papa, nishani ya Mtakatifu Gregori.

Baada ya hapo serikali ilimtumia kama meneja wake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 alikuwa anaongoza Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lililobeba viwanda kama Urafiki. Mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, yeye ndiye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa CDA, mamlaka ya kuujenga mji huo. Alikuwa pia balozi Ujerumani Magharibi na China. Mwaka 1990 akaanzisha kituo cha kuvutia wawekezaji.

Sasa hapa ndipo penye kisa. Mwaka 1976, Kahama akiwa anapanga viwanja Dodoma, serikali hiyo hiyo ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Kazi ya kununua mazao ikaenda kwa mamlaka za serikali. Chama kilichomlea meneja kikafutwa kwa amri, na vyama vya aina hiyo havikuruhusiwa tena mpaka sheria ya mwaka 1982. Halafu mwaka 2000 mzee akawa Waziri wa Ushirika na Masoko, mpaka 2005. Miaka arobaini na moja baada ya 1959, amerudishiwa faili lile lile, ila limetoboka.

Rafiki yangu mmoja kwenye semina alisema, "Bwana, Depew na Kahama wote ni mabosi tu." Mimi nikakataa. Depew alitumwa na kampuni kwenda serikalini. Kahama alichukuliwa na serikali kutoka kwa wakulima. Marekani kampuni ilitaka kuimeza serikali, na wakulima wakapiga kelele kuhusu nauli za mizigo mpaka ikatungwa sheria ya kuzibana reli mwaka 1887. Kwetu ni serikali iliyomeza kampuni, na kampuni yenyewe ilikuwa ya wakulima. Njia mbili tofauti, lakini mkulima aliumia kote kote.

Msidhani haya ni ya makumbusho. Muleba tunaijua butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado maua kwa bei ya kutupa, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Tunajua pia kahawa inayovuka usiku kwenda Uganda. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote ipitie vyama vya msingi. Sawa, lakini mimi nataka kujua meneja wa chama anamwogopa nani zaidi, mkuu wa wilaya au mwenye kibanja?

Sir George alifariki tarehe 12 Machi 2017. Miezi miwili baadaye CDA nayo ikavunjwa. Watu wengi wanamkumbuka kwa Dodoma. Mimi ningependa tumkumbuke zaidi kwa ile miaka michache ya Bukoba, alipokuwa analipwa mshahara na wauza kahawa ya maganda, na wao ndio mabosi wake.

Naishia hapa wadau, zamu yangu ya kupika imefika. Ndizi hazijimenyi.