Hali ya XXY (Klinefelter): mambo ambayo wanaume na wazazi wanapaswa kujua

Je, kijana wako amefika umri wa kubalehe lakini ndevu hazioti, sauti haibadiliki na matiti yanakua? Au wewe na mke wako mmekaa miaka mingi bila mtoto, na lawama zote zinamwangukia yeye? Sababu zinaweza kuwa nyingi. Moja ni hali ya Klinefelter, inayoitwa pia XXY. Makala haya yanaeleza hali hiyo na mahali pa kuanzia ukiishi Namatala, kwingineko Mbale au Jinja.

Hali hii ni nini?

Kwa kawaida seli za mwili wa binadamu zina kromosomu 46. Hizi ni nyuzi ndogo sana zinazobeba maelekezo ya namna mwili unavyokua. Mbili kati yake huhusika na jinsia: mwanamke huwa na X mbili, mwanaume huwa na X moja na Y moja. Mwenye hali hii amezaliwa na X ya ziada, hivyo ana XXY. Yeye ni mwanaume, ila korodani zake ni ndogo na mara nyingi hutoa homoni ya kiume (testosteroni) kidogo kuliko inavyohitajika.

Hali hii si ngeni. Huwapata takriban mvulana 1 kati ya 600 hadi 650 wanaozaliwa. Daktari Mmarekani Harry Klinefelter na wenzake waliieleza mwaka 1942, na mwaka 1959 watafiti wa Edinburgh waligundua kromosomu ya ziada. Wanaume wengi walio nayo huishi maisha yao yote bila kujua. Wachache wana kromosomu za ziada zaidi, kama XXYY au XXXY, na kwao matatizo huwa makubwa zaidi.

Je, ni kosa la mtu?

Hapana. Hutokea kwa bahati, mara nyingi wakati yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa. Karibu nusu ya wakati X ya ziada hutoka kwa baba, na karibu nusu kwa mama. Si laana wala uchawi. Haitokani na chakula alichokula mama akiwa mjamzito, haiambukizi, na kwa kawaida hairithiwi.

Dalili za kuangalia

• Utotoni: kuchelewa kuongea, misuli kulegea, shida ya kusoma na kuandika.
• Wakati wa kubalehe: korodani kubaki ndogo, nywele chache mwilini, matiti kukua, miguu kuwa mirefu kuliko kawaida.
• Utu uzima: kukosa mtoto, hamu ndogo ya tendo la ndoa, uchovu, mifupa dhaifu.

Si kila mtu huwa na dalili zote. Wengine hugundua tu wanapotafuta mtoto. Kwa hiyo ndoa ikikosa mtoto, mume na mke wapimwe wote wawili.

Hapa Bugisu, msimu wa imbalu huja kila baada ya miaka miwili, na kijana aliyechelewa kukomaa anaweza kudhihakiwa na wenzake. Tohara haileti hali hii wala haiitibu. Ukiwa na wasiwasi, mpeleke kijana kwa mhudumu wa afya kabla ya msimu, kwa faragha.

Uende wapi?

1. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, kama Kituo cha Afya cha Namatala. Eleza dalili bila aibu. Unaweza kuomba kuonwa na mhudumu wa kiume, na kuja na mtu unayemwamini akutafsirie.
2. Omba rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale au ya Jinja.
3. Daktari atakuchunguza na anaweza kuagiza kipimo cha homoni au cha manii. Kinachothibitisha ni kipimo cha kromosomu, kinachotumia damu na huhitaji maabara maalumu. Uliza mapema sampuli itapelekwa wapi na gharama ni kiasi gani.

Kama wewe ni mkimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inalinda haki zako, na unaweza kutibiwa katika vituo vya serikali kama raia. Beba kitambulisho chako.

Tiba ipo?

X ya ziada haiondolewi, lakini matatizo mengi yanatibika. Daktari anaweza kutoa testosteroni kuanzia umri wa kubalehe ili kusaidia misuli, mifupa na ndevu. Mtoto anayechelewa kuongea husaidiwa na mazoezi ya kuongea na mwalimu mwenye subira.

Usinunue sindano za homoni au dawa za "nguvu za kiume" sokoni. Testosteroni inaweza kupunguza zaidi mbegu za uzazi, kwa hiyo zungumza na daktari kuhusu kupata watoto kabla ya kuianza. Kwa baadhi ya wanaume, wataalamu hupata mbegu ndani ya korodani kwa upasuaji, ingawa huduma hiyo ni ghali.

Mwenye hali hii apimwe sukari na mifupa mara kwa mara. Uvimbe mgumu kwenye titi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma ghafla, ni sababu ya kwenda hospitali mara moja.

Nyumbani

Mweleze kijana ukweli kwa maneno rahisi, na umwache aamue nani mwingine ajue. Usiruhusu aitwe majina ya kejeli. Anaweza kusoma, kufanya kazi, kuoa na kulea familia.

Mkimbizi anayehitaji ushauri kuhusu huduma anaweza kupiga simu bila malipo: 0800 32 32 32.