Msingi wa mpigaji: safari kutoka Las Vegas hadi Birmingham

Novemba 1988, mjini Las Vegas, Mmarekani Rick Roufus alipanda ulingoni kupambana na Changpuek Kiatsongrit wa Thailand. Roufus alikulia katika kikboksing ya Kimarekani, ambayo haikuruhusu teke chini ya kiuno. Changpuek alitoka katika muay thai, ambamo paja ni shabaha halali tangu kengele ya kwanza. Katika raundi ya kwanza Roufus alimwangusha mgeni wake kwa ngumi na kumvunja taya. Changpuek aliinuka, akaanza kumtandika mateke ya mapaja, teke juu ya teke, hata kufikia raundi ya nne miguu ya Roufus haikuweza tena kumbeba. Wako waliodai kwamba alishindwa na kanuni, kwa kuwa mateke hayo yasingeruhusiwa nyumbani kwake. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ndiyo inayoeleza tatizo lenyewe: kila mchezo humkinga mtu dhidi ya yale tu unayoyaruhusu.

Tatizo hilo lilijitokeza kwa ukali zaidi tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, katika shindano la kwanza la UFC, lililokutanisha wapiganaji wa mitindo mbalimbali. Bondia Art Jimmerson aliingia na glavu moja tu, katika mkono wa kushoto. Royce Gracie, Mbrazili wa jujitsu, sanaa ya kupigana chini, alimbwaga chini na kumkalia, na Jimmerson akasalimu amri hata kabla ya kukabwa. Usiku huohuo Gracie alitwaa ubingwa kwa kumkaba Gerard Gordeau, Mholanzi aliyekuwa bingwa wa savate, mchezo wa mateke wa Kifaransa. Kwa miaka michache iliyofuata wengi waliamini kwamba sanaa za kupiga hazina nafasi tena.

Aliyeibadilisha imani hiyo ni Maurice Smith, bingwa wa kikboksing. Tarehe 27 Julai 1997, mjini Birmingham, Alabama, alimkabili Mark Coleman, mwanamieleka mwenye nguvu za kutisha. Coleman alimbwaga mapema, kama wote walivyotarajia. Smith hakupaparika. Akiwa chali alimbana mpinzani kwa miguu, akaibana mikono yake, akasubiri. Kisha Coleman aliishiwa pumzi, Smith akasimama na kuanza kumpiga mateke miguuni. Baada ya dakika 21 majaji walimpa Smith ushindi.

Kwa nini alishinda? Wengine husema Coleman alishindwa na mapafu yake mwenyewe. Wengine hutaja kanuni, kwa kuwa pambano sasa lilikuwa na kikomo cha muda na majaji, mambo ambayo hayakuwepo Denver. Zote mbili ni sababu za kweli. Hata hivyo, hakuna hata moja ambayo ingemfaa Smith kama asingejifunza kwanza, kwa wenzake kama Frank Shamrock, namna ya kusalimika chini na kuinuka. Mateke yake yalikuwa yaleyale ya zamani; kipya kilikuwa uwezo wa kurudi kusimama ili ayatumie.

Kuanzia hapo uchaguzi wa msingi, yaani mchezo wa kupiga ambao mpiganaji anaanzia, ulichukua sura nyingine. Muay thai ilipendwa kwa sababu inafundisha pia kupigana mkiwa mmeshikana, hali ambayo katika ndondi hukatizwa na refa. Oktoba 2006 Anderson Silva alimshika Rich Franklin shingo kwa mikono miwili na kumpiga magoti hadi pua ikavunjika, akauchukua ubingwa katika raundi ya kwanza. Lakini mpiganaji wa muay thai husimama wima, na teke lake likidakwa anabwagwa kwa urahisi. Lyoto Machida alipita njia nyingine: karate ya Shotokan aliyofundishwa na baba yake ilimzoesha kukaa mbali, kuingia kwa pigo moja na kutoka kabla hajashikwa. Mei 2009 alimwangusha Rashad Evans katika raundi ya pili na kuwa bingwa. Karate hiyohiyo, kama sanaa nyingine za kupiga, ilikuwa imedharauliwa tangu Denver, na Machida aliweza kuitumia kwa kuwa tayari alikuwa na mkanda mweusi wa jujitsu.