Usafishaji wa mazulia ya Kiajemi

Usafishaji wa mazulia ya Kiajemi ni kazi ya kitaalamu ya kuondoa vumbi, mafuta na madoa katika mazulia yaliyofumwa kwa mkono nchini Iran. Mazulia hayo huwa na mafundo ya sufu au hariri yaliyofungwa kwenye mtande, ambao mara nyingi ni wa pamba.

Kwanza zulia hupigwa au kutikiswa kwa mashine upande wa nyuma ili mchanga uliozama kwenye mafundo udondoke, kwa kuwa chembe zake hukata nyuzi zinapokanyagwa. Kisha kila rangi hujaribiwa kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikishika rangi, zulia halirowekwi. Kisiposhika, zulia huoshwa kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, kwa kuwa magadi na klorini hudhoofisha sufu. Brashi hufuata mlalo wa manyoya, na matamvua huoshwa peke yake. Baada ya kusuuzwa hadi maji yatoke safi, zulia hukamuliwa na kukaushwa haraka. Likichelewa kukauka, rangi huweza kuchuja na pamba kuota ukungu.

Zulia huhifadhiwa likiwa limekunjwa mviringo, na hukaguliwa kwa sababu mabuu ya nondo hula sufu.

Chemchemi ya Cheshmeh-Ali mjini Rey, karibu na Tehran, ilijulikana kwa uoshaji wa mazulia. Ibada ya kuosha zulia ya Mashhad-e Ardehal, karibu na Kashan, iliorodheshwa na UNESCO mwaka 2012.