Woga wa Mimbari: Ushahidi kutoka Basra

Neno hotuba tumelipata kutoka Kiarabu, pamoja na hatibu, mimbari na ufasaha. Kwa kuwa maneno haya yametufikia yakiwa na heshima yake, twadhani kwamba waliotangulia kuyatumia walipanda mimbari bila kutetemeka. Vitabu vyao vyasema vingine.

Shahidi mkubwa ni al-Jahiz, mwandishi wa Basra aliyefariki mwaka 255 Hijria, yaani 868 au 869 Miladia. Kitabu chake kikubwa juu ya ufasaha, al-Bayan wa al-Tabyin, kinafunguka kwa dua. Anamwomba Mungu amkinge na ukali wa ulimi na wingi wa maneno, na papo hapo amkinge na kushindwa kujieleza na kukwama katikati ya maneno. Kisha anamkumbuka Nabii Musa, aliyeomba fundo la ulimi wake lifunguliwe kabla ya kwenda kwa Firauni. Kwa al-Jahiz, basi, woga wa kusema haukuwa aibu ya mtu dhaifu. Ulikuwa sehemu ya fani yenyewe, wenye dalili zinazojulikana: kuhema, kukohoa, kugeuka huku na huku, kupapasa ndevu, kusokota vidole.

Wakubwa hawakusalimika. Imepokewa kwamba Khalifa Uthman bin Affan aliwahi kupanda mimbari na maneno yakamkwama. Akawaambia watu kuwa waliomtangulia walikuwa wakiitayarishia nafasi ile maneno, na kwamba wao walihitaji zaidi kiongozi wa vitendo kuliko kiongozi wa maneno. Abd al-Malik bin Marwan, aliyetawala tangu 685 hadi 705, anasimuliwa kuwa aliulizwa kwa nini mvi zimemwahi. Alitaja mambo mawili: kupanda mimbari na kuhofia kukosea lugha.

Jibu hilo la pili lina uzito. Abd al-Malik ndiye aliyeamuru madaftari ya serikali yaandikwe kwa Kiarabu badala ya Kigiriki na Kiajemi. Ikiwa mtawala aliyeipa lugha mamlaka ofisini aliiogopa mimbarini, basi hofu hii haitokani na ujinga wa lugha. Inatokana na kujua kwamba wasikilizaji wanahesabu makosa.

Aliyeishinda hofu hiyo kwa njia ya ajabu zaidi ni Wasil bin Ata, aliyefariki mwaka 748 na kuhesabiwa mwasisi wa madhehebu ya Mu'tazila. Ulimi wake haukuweza kutamka herufi ra, na kazi yake ilikuwa mijadala ya hadhara. Hakunyamaza. Aliyapitia maneno yake na kuyaondoa yote yenye herufi hiyo: ngano akaiita qamh badala ya burr, mvua akaiita ghayth badala ya matar. Alipohutubu mbele ya gavana wa Iraki, alitoa hotuba nzima isiyo na ra hata moja. Kasoro ilibaki kinywani mwake, lakini haikuamua nani aseme na nani akae kimya.

Al-Jahiz anatetea pia fimbo ya hatibu dhidi ya waliowacheka Waarabu kwa kuishika wanapohutubu. Hatibu wa Ijumaa katika misikiti yetu ya pwani huishika hadi leo. Ni sunna, lakini aliyewahi kusimama mbele ya watu anajua pia faida yake nyingine: mkono ulioshika kitu hausokoti vidole.

Nasi tumo katika maandishi yake. Katika risala yake juu ya fahari ya watu weusi, anawataja Wazanji kuwa watu wa ufasaha: mtu wao huweza kuhutubu mbele ya mfalme tangu jua kuchomoza hadi kuzama, bila kujisaidia kwa kugeuka wala kunyamaza kidogo. Tuchukulie kuwa ametia chumvi; bado tumepewa sifa.

Sifa hiyo inatuhukumu. Katika harusi na hitima zetu huku ughaibuni, kijana akiombwa aseme machache kwa Kiswahili, mara nyingi hukataa. Hakosi la kusema. Aliwahi kusema wa na kitu kinachotaka cha, au kuchanganya ra na la, na ukumbi ukacheka. Tunamshauri avute pumzi, ajitayarishe, asiogope. Ushauri huo ni mzuri, lakini unamwachia mzigo wote msemaji. Wasil alijitayarisha kuliko wote kwa sababu wasikilizaji wake hawakusamehe herufi moja. Sisi si lazima tuwe wasikilizaji wa namna hiyo. Kijana akikosea ngeli, tumwache amalize. Kumsahihisha kuna wakati wake, nyumbani, baada ya wageni kuondoka.