Feni mbili za steshenari ya Mama

Najua nimepotea wiki kadhaa. Nilikuwa nyumbani Mwadui kwa mazoezi ya kufundisha, na huko nimerudi na somo ambalo halikuwa kwenye andalio langu hata moja. Nasoma ualimu wa Historia, kwa hiyo mnivumilie, hata feni naitafutia historia yake.

Mama ana steshenari ndogo Maganzo, jirani kabisa na mgodi wa almasi. Biashara nzima inategemea kompyuta moja ya mezani, ya mtumba. Ndiyo inayotoa nauli na matumizi ya mdogo wangu shuleni, na ndiyo inayoniokoa mimi bumu likichelewa. Sasa wiki niliyofika, shule moja ilikuwa imempa kazi ya kuchapa mitihani ya majaribio. Ikifika saa nane mchana, jua la Shinyanga likiwa kali, mashine inajizima yenyewe. Inawaka, dakika kumi, chali tena. Fundi mmoja akasema prosesa imekufa, tununue kompyuta nyingine. Mama akaniangalia tu. "Mwanangu, wewe si ndiye uko chuo kikuu?"

Jamani, chuo sisomei kompyuta. Ila nilishika lile kava ambalo wengi tunaliita CPU, likaniunguza kiganja. Nikasema huyu hajafa, huyu ana homa.

Na homa hii si ya jana. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1946, ilikuwa na valvu za kioo karibu 18,000 na ilikula takriban kilowati 150 za umeme. Ilibidi ipulizwe hewa kwa mashine kubwa muda wote. Baadaye transista zikachukua nafasi ya valvu, joto likapungua, watu wakasahau. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, ambayo ndiyo babu wa hizi za mezani, ilikuwa na feni moja tu, ile iliyomo ndani ya paua saplai. Prosesa yake, Intel 8088, ilikaa wazi bila feni.

Wapo waliotaka hata hiyo moja iondoke. Steve Jobs wa Apple hakupenda kelele ya feni. Apple III ilitoka mwaka 1980 bila feni, ikasumbuliwa sana na joto, na mwaka 1984 ikaachwa kutengenezwa. Mwaka huohuo 1984 Macintosh ya kwanza nayo ikatoka bila feni!

Lakini kasi ina gharama yake. Pentium za mwanzo za mwaka 1993 zilikuwa zinatoa joto la wati kama 15. Kufika mwaka 2004, baadhi ya Pentium 4 zilivuka wati 100. Hebu shika balbu ya wati 100 ya zamani, halafu uiweke ndani ya boksi la bati. Ndiyo maana feni ya prosesa peke yake haikutosha tena, zikaongezwa za mbele na za nyuma ya kava.

Na sisi? Serikali yetu ilikuwa na kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na masharti hayo yakalegezwa polepole miaka iliyofuata. Kwa hiyo watu wengi wa kwetu wamekutana na kompyuta zikiwa tayari za moto, nyingi zikiwa mitumba iliyofika na vumbi la nchi nyingine.

Turudi Maganzo. Nilichomoa umeme, nikafungua kava. Vumbi! Mapezi ya aluminiamu juu ya prosesa yalikuwa yamefunikwa kama yamevishwa blanketi. Nikasafisha kwa brashi ya rangi. Siku hiyo ilifika saa tisa ndipo ikazima. Nafuu, lakini bado.

Nikapata feni mbili za milimita 80 kwenye kompyuta iliyokufa. Kwenye madabodi hapakuwa na pini za ziada, nikatumia plagi za pini nne zinazotoka paua saplai. Waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, myeusi miwili ni ya kurudi. Feni imeandikwa volti 12, ampia 0.2. Zidisha unapata wati 2.4, mbili hazifiki 5. Paua saplai ya wati 250 haitahisi kitu. Nikaunga njano na nyeusi, nikafunga vizuri kwa utepe wa umeme. Paua saplai yenyewe sikuifungua, na ninyi msiifungue. Inabaki na umeme hatari hata ukichomoa.

Kwa furaha nikazifunga zote zipulize ndani. Kesho yake ikazima tena! Nilitamani ardhi ipasuke.

Aliyenifungua macho ni mzee jirani, fundi umeme mstaafu aliyewahi kufanya kazi kwenye migodi ya chini ya ardhi. Mwadui ni shimo la wazi tangu Williamson alipoipata mwaka 1940, hewa si tatizo. Ila kule chini, kama Bulyanhulu, bila feni kubwa watu hawaponi. Akaniuliza, "Mjukuu, hiyo hewa ya moto umeipa mlango gani wa kutokea?" Sikuwa na jibu.

Nikaigeuza ya nyuma itoe nje. Kwa kawaida upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota ndiko hewa inakotokea. Ya mbele ikabaki kuingiza, nikaiwekea kipande cha chandarua kuzuia vumbi, na Mama anakisafisha kila Jumamosi. Kompyuta ikafika saa kumi na mbili jioni bila kuzima. Mitihani ikatoka yote, shule ikalipa.

Nilipoingia darasani Jumatatu niliona wanafunzi sabini, madirisha yote yamefungwa kwa sababu ya vumbi, na mimi napuliza maneno tu ndani. Nikafungua dirisha moja, halafu nikawaambia leo mtauliza ninyi. Kipindi kilienda vizuri kuliko vyote.

Basi wadau, wacha nikawahi semina. Mwenye CPU inayonguruma hosteli, aifungue kwanza kabla hajaizika. Tuonane wiki ijayo.